Maji unayomwaga nayo yana sheria: misingi mitano kwa muuzaji mdogo wa mtandaoni

Wa Songea, Mbinga, Namtumbo, Tunduru na Nyasa, na nyie mnaotufuata kutoka mikoa ya mbali, karibuni darasani. Shika kalamu, somo la leo ni refu kidogo.

Hapa tumezoea kufundishana kupiga picha za bidhaa, kufunga mzigo usivunjike na kumjibu mteja anayesema "nitakucheki" halafu anapotea. Leo tunaenda uani. Kule unakokorogea sabuni, unakochovya batiki, unakooshea dagaa wa Nyasa kabla ya kuwafungasha, unakosuuza masufuria ya keki. Tuzungumzie maji yanayotoka huko kazi ikiisha. Mteja hayaoni kwenye picha. Jirani anayaona, na sheria inayaona pia.

Mimi nauza batiki na sabuni ya maji. Natengenezea nyumbani, naposti, natuma mizigo kwa basi. Mwanasheria mimi siye. Sheria hizi nimezisoma kwa sababu zinanihusu, na nimeuliza ofisini pale niliposhindwa kuelewa. Nakueleza kwa lugha ya sokoni ili ujue pa kuanzia. Ukiwa na shauri lako mahsusi, nenda kwenye ofisi nitakazozitaja mbele. Na tunaongelea Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria zao.

KWA NINI UJALI?

Yuko dada mmoja tunayenunua malighafi pamoja. Alipata oda ya batiki 60, sare ya sherehe ya kikundi cha akina mama. Malipo ya awali yameshaingia, na yote yameshaishia kwenye vitambaa na rangi. Anachovyea uani, na maji ya rangi anayamwaga kwenye kishimo alichochimba kando ya ukuta. Akili yake ilimwambia yakizama ardhini yamekwisha.

Upande wa pili wa ukuta kuna kisima cha mama mmoja mtu mzima. Siku ya tatu akachota maji yana rangi ya zambarau kwa mbali. Polisi hakwenda, alienda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akaja na afisa afya wakiwa na ndoo ile ile. Yule mama akamwambia dada yetu, "Mwanangu, biashara yako naipenda na dua nakuombea. Lakini haya maji ndiyo namkorogea mjukuu uji."

Kazi ikasimama papo hapo, vitambaa 38 vikiwa havijaguswa. Kisima kikafungwa kusubiri maji yapimwe, na muda wote huo dada akawa ananunua maji ya jirani kwa ndoo, yeye na watoto wake wakiyabeba. Wenye oda wakataka hela yao ya vitambaa ambavyo havikufika. Akakopa kwenye kikoba kuwarudishia. Hakuna aliyemfikisha mahakamani, na bado ilimchukua miezi kusimama tena. Sasa hebu fikiria ingekuwa kesi.

Ndiyo maana nataka ujue misingi kabla oda kubwa haijaja. Misingi yenyewe ni mitano.

MSINGI WA 1: MAJI NI YA WOTE, NA BIASHARA INAPANGA FOLENI

Sheria kubwa ya maji kwetu ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009. Inasema maji yote ni mali ya umma, na Rais anayashikilia kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo hata mto ukipita shambani kwako, shamba ni lako, maji si yako peke yako. Unayatumia tu.

Halafu sheria hiyo imepanga nani aanze. Kwanza ni maji ya matumizi ya binadamu nyumbani: kunywa, kupika, kuoga. Pili ni maji ya kuuacha mto na viumbe vyake viendelee kuishi. Shughuli za uchumi, ambamo sisi wa sabuni na batiki tumo pamoja na viwanda na mashamba makubwa, zinakuja baada ya hayo mawili. Kumbuka mpangilio huu siku jirani atakapolalamika. Ukimwambia "nami natafuta riziki", umesema kweli, ila ndoo ya uji iko mbele yako kwenye folena.

Kwetu Songea jambo hili lina uzito wa pekee. Milima ya Matogoro, hiyo tunayoiona kila asubuhi, ndiko zinakoanzia mito Ruvuma, Luegu na Ruhila. Ruhila inatunywesha sisi wa mjini. Ruvuma inakwenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji hadi inaingia Bahari ya Hindi. Luegu inakwenda kuungana na Kilombero, na hapo ndipo unapozaliwa mto Rufiji. Tunaishi kwenye shina. Wenzetu wa Rufiji na wa mpakani wanapokea tulichowaachia.

MSINGI WA 2: KUMWAGA NI TENDO LINALOOMBA RUHUSA

Watu wengi wanadhani kosa linaanza pale samaki wanapokufa. Hapana. Sheria ile ya 2009 inasema anayetaka kutiririsha majitaka kutoka shughuli ya biashara, kiwanda au kilimo, yakaingia kwenye maji ya juu ya ardhi au yaliyo chini ya ardhi, aombe kwanza kibali. Kibali hicho kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde. Kama unataka kuyaingiza kwenye mtandao wa majitaka wa mji, ruhusa inatoka kwa mamlaka yenye mtandao, ambayo kwetu ni SOUWASA.

Ona neno "biashara" lilivyokaa pale pamoja na kiwanda. Usijifariji kwamba huna fremu wala bango, duka lako ni simu tu. Swali linaanzia kwenye maji: yametoka kwenye kazi gani, yana nini ndani, yanaishia wapi? Kama kazi yako inahitaji kibali au utaratibu mwepesi tu wa kuhifadhi na kuchukuliwa, watakaokuambia ni bonde na manispaa. Kwenda kuuliza ni nauli ya boda tu.

Kanuni hii si yetu peke yetu. Marekani kuna mji unaitwa Cleveland, mto wake Cuyahoga ulikuwa umejaa mafuta na taka za viwanda hadi ukashika moto, Juni 1969. Mto, jamani, ukawaka. Miaka mitatu baadaye, 1972, bunge lao likapitisha sheria ya maji safi ya nchi nzima. Rais Nixon aliikataa kwa sababu ya gharama, bunge likapiga kura tena na kuipitisha bila yeye. Nguzo yake ni nyepesi kueleza: hakuna ruhusa ya kupitisha uchafu kwenye bomba, mtaro au mfereji kwenda kwenye maji ya taifa mpaka uwe na kibali, na kibali kinasema nini, kiasi gani na utapimaje. Kabla ya hapo serikali ilihangaika kuthibitisha nani hasa kaharibu mto wakati wanaomwaga ni mia. Baada ya hapo swali likawa jepesi: bomba hili ni la nani, na kibali chake kiko wapi?

Kibali nacho si leseni ya kuchafua upendavyo. Kinakuja na masharti, na ukiyavunja kinaweza kufutwa.

MSINGI WA 3: ARDHI HAIFICHI

Huu ndio ulimkamata dada yetu. Umeona sheria yetu inataja maji yaliyo chini ya ardhi kwa jina. Kishimo cha uani, choo cha shimo, shimo la kunyonyea maji, vyote vinapeleka majitaka chini, na chini kuna maji ambayo visima vinayachota.

Huko Marekani kesi ya namna hii ilifika Mahakama Kuu ya nchi. Kisiwani Maui, jimbo la Hawaii, mamlaka ya eneo ilikuwa inasukuma majitaka yaliyosafishwa kwenye visima virefu ardhini, yanasafiri chini kwa chini, yanatokea baharini. Wakajitetea kwamba hatumwagi baharini sisi, tunamwaga kisimani. Aprili 2020 mahakama ikajibu kwamba kama kupitia ardhini kunaleta matokeo yale yale na kumwaga moja kwa moja, kibali kinahitajika. Unaweza kupima kwa kuangalia umbali na muda ambao maji yanachukua kufika.

Kwa lugha yetu: ukimwaga hatua kumi kutoka kisimani, umemwaga kisimani, umechelewesha tu.

MSINGI WA 4: MITA 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa la asili, bwawa au bahari, kama shughuli hiyo inaweza kuharibu mazingira ya eneo hilo. Sheria ya maji ya 2009 nayo inalinda ukanda huo.

Mita 60 ni kiasi gani? Ukipiga hatua ndefu za mtu mzima, ni kama 75 hadi 80. Kwa hiyo kabla ya kukodi banda la bei poa karibu na kijito kwa ajili ya kuchovyea, kuchinjia kuku au kuoshea mitumba, pima. Bei poa ya banda la mtoni mara nyingi ina sababu. Ukishajenga karo na kuvuta umeme halafu ukaambiwa hama, hakuna wa kukurudishia.

MSINGI WA 5: ANAYECHAFUA ANALIPA, NA JIRANI ANA HAKI YA KUKUSHTAKI

Sheria ya mazingira ya 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Inampa pia nafasi ya kwenda kudai haki hiyo kisheria. Na inaweka kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayebeba gharama. Ukitiwa hatiani kwa uchafuzi ni faini ya mamilioni ya shilingi, au kifungo, au vyote viwili, na mahakama inaweza kukuamuru ulipie usafishaji. Afisa afya naye ana Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 mkononi, inayomruhusu kushughulikia kero kama majitaka yanayotiririka.

Usidhani wananchi wa kawaida hawawezi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jaa la taka lililokuwa linawafukiza moshi na harufu. Wakashinda. Jiji likaendelea kuomba muda, na katika uamuzi wa 1991 Jaji Lugakingira aliwakatalia na kuonyesha kwamba kuhatarisha afya za watu kunagusa haki ya kuishi iliyo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Hiyo ilikuwa kesi ya jaa, lakini somo lake linafika hadi kwenye maji. Kama wakazi waliweza kusimama mbele ya Jiji zima, wewe mwenye madumu sita ya sabuni watakushindwaje?

UCHAFU NI NINI HASA?

Hapa ndipo wengi tunateleza. Tunadhani uchafuzi ni sumu ya mgodini. Mimi nauza vyakula, unasema, vyakula havina sumu.

Machi 2022 samaki walikufa mto Mara, maji yakabadilika rangi na kunuka. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilieleza kwamba oksijeni ndani ya maji ilikuwa imeshuka kutokana na kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na magugu yaliyooza. Wapo ambao hawakuridhika na majibu yale, na mjadala ulikuwa mkali. Lakini kwamba kitu cha kuoza kinaweza kuua samaki bila sumu yoyote, hilo ni sayansi ya kawaida kabisa. Vijidudu vinavyokula uchafu vinatumia oksijeni, samaki wanabaki hawana pumzi. Maji ya kumenyea kahawa yana tabia hiyo hiyo, na wenzetu wa Mbinga wanajua yanavyonuka yakisimama. Kadhalika maji ya dagaa, damu ya kuku na mtindi ulioharibika.

Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zimeweka mipaka kwa majitaka yanayoachiwa. Nakupa mitatu tu:

1. Uchachu au ukali (pH): uwe kati ya 6.5 na 8.5. Maji ya kostiki soda yanagonga 13 au zaidi. Salfoniki ya sabuni iko upande wa pili, ni asidi kali. Na kila namba moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo 11 si "kidogo tu juu" ya 8.

2. Oksijeni ambayo uchafu huo utaitafuna kwa siku tano: isizidi miligramu 30 kwa lita. Maziwa halisi yanavuka 100,000. Piga hesabu: lita moja ya maziwa ingehitaji zaidi ya lita 3,000 za maji safi kuifikisha kwenye 30. Kwa hiyo usiseme "nitaongezea maji". Huna maji hayo, na kuchanganya hakuhesabiki kuwa kusafisha.

3. Chembe zinazoelea: zisizidi miligramu 100 kwa lita. Yaani maji yasiwe tope.

SASA FANYA HIVI, KAZI KWA KAZI

Sabuni ya maji. Baada ya kupaki, pipa linabaki na sabuni ukutani. Lisuuze kwa maji kidogo, hayo maji yaweke kwenye dumu lenye mfuniko, yaandike, na uyatumie kama sehemu ya maji ya mkorogo unaofuata wa sabuni ile ile. Humwagi kitu, na umeokoa hela uliyokuwa unaimwaga. Ukikoroga kwa ratiba, mkorogo mmoja baada ya mwingine wa aina moja, kazi ya kusuuza inapungua nusu.

Batiki. Anza na rangi nyepesi, malizia na nzito, ili chombo kile kile kitumike bila kumwaga katikati. Kusanya oda za rangi moja uchovye siku moja. Nta ya kuchorea isimwagwe ikiwa ya moto; iache igande juu ya maji, ivue, itumie tena. Maji yaliyobaki yana kostiki soda na haidrosalfaiti. Haidrosalfaiti kazi yake ni kuinyang'anya rangi oksijeni ili iingie kwenye uzi. Ikifika mtoni haiachi kazi yake. Yaweke kwenye pipa lenye mfuniko, sakafu ya saruji, mbali na watoto, kisha uliza SOUWASA au afisa mazingira wa manispaa yapelekwe wapi. Usimwage asidi humo ukidhani unapunguza makali. Inachemka na kuruka usoni, na inaweza kutoa gesi inayokaba.

Keki, maandazi, vyakula. Mafuta yaliyotumika yasiende kwenye karo. Yapoze, yachuje, mpe mtengeneza sabuni za miche, wengi wanayanunua. Masufuria yafute kwanza kwa karatasi ndipo uoshe.

Dagaa, kuku, samaki. Damu na mabaki yafukiwe au yaende mbolea, mbali na kisima na kijito. Maji ya mwisho ya kuoshea yanaweza kwenda kwenye bustani yako kama hayana dawa wala chumvi nyingi, kidogo kidogo, bila kutengeneza dimbwi.

Wewe unayenunua na kuuza tu, usikimbie darasa. Mtu wako wa sabuni akisimamishwa, mzigo wako umesimama, na matusi ya wateja yatakuja kwenye namba yako. Muulize kistaarabu: "Bosi wangu, maji machafu mnapeleka wapi?" Asipokuwa na jibu, tafuta na msambazaji wa pili wa akiba.

Na madumu ya kemikali: usiyasuuze mtoni, usiyauze kwa mtu anayeenda kuchotea maji ya kunywa. Toboa, rudisha kwa aliyekuuzia au ulizia pa kuyapeleka.

MAMBO MAWILI YA MTANDAONI

La kwanza, mifuko. Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, na moja ya sababu ni hiyo mifuko kuziba mitaro na kuishia mitoni. Ukiposti picha ya mzigo ndani ya mfuko wa rambo, umejipiga picha ya ushahidi mwenyewe. Tumia ule mbadala wenye alama ya TBS, au karatasi, au kitambaa chako chenye jina la biashara.

La pili, maneno. Siku hizi kila tangazo ni "rafiki wa mazingira". Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kama huwezi kumwonyesha mteja unachofanya na maji yako, usiandike. Ila kama unaweza, andika kwa undani: "Maji ya kusuuzia tunayatumia tena, nta tunaivua." Sentensi hiyo inauza kuliko maua ya kijani kwenye nembo.

NIENDE OFISI GANI?

Anza na mtendaji wa mtaa, akuelekeze kwa afisa afya na afisa mazingira wa manispaa. Hao ndio watakaokuja kwako jirani akilalamika, bora wakufahamu kabla. Mambo ya mtandao wa majitaka na gari la kunyonya, SOUWASA. Kibali cha kutiririsha, Bodi ya Maji ya Bonde. Nchi ina mabonde tisa, na mkoa wetu unaangukia kwenye zaidi ya moja: Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa na Rufiji, kutegemea maji ya kwako yanaelekea upande gani. Kwa kazi kubwa inayohitaji tathmini ya mazingira kabla ya kuanza, ni NEMC.

Ukienda, beba karatasi moja yenye mambo manne: unatengeneza nini, unatumia malighafi gani, lita ngapi zinatoka kwa wiki, sasa hivi zinaishia wapi. Ukiwa na karatasi hiyo unasikilizwa kama mfanyabiashara. Jibu utakalopewa omba liwe la maandishi, lipige picha, lihifadhi pamoja na risiti za kunyonyesha shimo. Siku ya lalamiko hizo ndizo zitakazokusemea.

KAZI YA WIKI HII

Kwa siku saba, kila ukimwaga maji ya kazi, weka alama kwenye daftari: ndoo moja, mstari mmoja. Mwisho wa wiki hesabu. Kisha fuata maji hayo kwa miguu. Yaani toka uani, fuata mtaro, angalia yanakopotelea, hesabu hatua hadi kisima au kijito cha karibu. Nilipofanya zoezi hili na kikundi chetu, wengi walijua bei ya kila malighafi kwa shilingi lakini hawakujua mtaro wao unaishia wapi.

Ukimaliza, andika hapo chini unafanya kazi gani na ndoo zako ni ngapi kwa wiki. Usitaje jina la mtaa wala la jirani. Tutajibizana mmoja mmoja tuone pa kupunguza. Na umtumie somo hili fundi wako wa batiki au bosi wako wa sabuni. Mwambie shikamoo kwanza, ndipo umwulize mtaro wake unaelekea wapi.

Kazi njema, na oda ziwe nyingi.